Huyu ni Askari Gani?

Somo la maneno: askari, mwanajeshi, mgambo, sungusungu na wenzao



Simama kando ya barabara pale Pasiansi, Mwanza, asubuhi watu wanapokwenda kazini. Kwa muda mfupi tu utaona watu wengi wenye sare. Atapita polisi wa usalama barabarani na nguo zake nyeupe. Watapita vijana wa chuo cha wanyamapori. Atapita mgambo anayekwenda sokoni. Atapita mlinzi wa duka anayerudi nyumbani kulala baada ya lindo la usiku. Huenda likapita na gari la jeshi. Sasa muulize mtoto aliye karibu: "Hawa ni akina nani?" Atakujibu: "Ni askari." Wote askari!

Kwa mazungumzo ya njiani, jibu hilo linatosha. Lakini wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Unasoma matangazo ubaoni. Unaandika barua. Unatoa maelezo kituoni, unayasoma, kisha unatia sahihi yako badala ya dole gumba. Kwa kazi hizo neno "askari" peke yake halitoshi. Ni sawa na kumwambia mganga wa mifugo, "Mnyama wangu anaumwa," bila kusema kama ni ng'ombe au kuku.

Kila jina la mtu mwenye sare linajibu maswali matatu:

1. Ametumwa na nani?
2. Ana uwezo gani juu yangu?
3. Akinikosea, nipeleke malalamiko wapi?

Katika somo hili tutachukua majina hayo moja moja. Tutaona kila jina lilitoka wapi na lina maana gani leo. Mwisho tutaandika barua pamoja.

NENO ASKARI

Askari ni neno lililotoka katika Kiarabu. Limekaa katika Kiswahili siku nyingi, na sasa ni letu kabisa. Maana yake ni pana: mtu aliyefunzwa na kupewa kazi ya kulinda au kupigana. Kwa hiyo askari ni kama neno "samaki". Sangara ni samaki, sato ni samaki, na dagaa ni samaki. Lakini mchuuzi wa pale Kirumba ukimwambia "nipe samaki", atakuuliza, "Samaki gani?"

Kabla ya wakoloni, huku kwetu wapiganaji walikuwa na majina yao. Mtemi Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki mwaka 1884, alikuwa na wapiganaji walioitwa rugaruga. Wengi wao walikuwa vijana, na sifa zao zilisikika mbali.

Wajerumani walipoanza vita ya kuiteka pwani mwaka 1889, walileta askari wengi kutoka Sudan waliokuwa wametumika katika jeshi la Misri. Askari wale walikuja na maneno yao ya kazi, na mengine yalikuwa ya Kituruki. Ombasha alikuwa mkubwa wa askari wachache. Katika Kituruki "on" maana yake ni kumi, basi ombasha ni mkuu wa watu kumi. Shaushi alikuwa juu ya ombasha. Maneno hayo mawili yamekufa. Lakini neno moja la ukoo huo lipo hai mpaka leo. Nalo ni afande. Ndiyo, neno "afande" tunalolisikia kila siku kituoni na kambini limetoka katika Kituruki, likapitia Misri na Sudan. Lilikuwa neno la kumheshimu bwana mkubwa.

Waingereza nao waliunda jeshi lao la Waafrika mwaka 1902. Kifupi cha jina lake kilikuwa K.A.R. Wananchi walikitamka wapendavyo, kikawa keya. Wazee wakisema, "Babu alikuwa keya," ndiyo maana yake. Katika Vita ya Pili ya Dunia, keya kutoka Tanganyika walipelekwa mbali, hata Burma.

Tusisahau watu wengine. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, iliyopiganwa hapa kwetu tangu 1914 mpaka 1918, watu wengi sana walichukuliwa kubeba mizigo. Hao hawakuwa askari. Waliitwa wapagazi. Walibeba chakula, risasi na wagonjwa. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Waingereza waliliita kundi lao "Carrier Corps". Wananchi wakalitamka Kariakoo. Ndiyo asili ya jina la Kariakoo, Dar es Salaam. Na ile Sanamu ya Askari iliyowekwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni ukumbusho wa askari na wapagazi pia.

MWANAJESHI

Jeshi ni kundi kubwa la watu waliopangwa kwa kazi ya ulinzi au vita. Mwanajeshi ni mtu wa jeshi. Neno limejengwa kama mwanachama au mwananchi: mwana wa jeshi.

Hapa Tanzania, tukisema mwanajeshi bila kuongeza neno, tuna maana ya mtu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, yaani JWTZ. Jina hili lina habari yake. Baada ya uhuru mwaka 1961, tulirithi kikosi cha keya. Kikaitwa Tanganyika Rifles, lakini maafisa wakubwa walikuwa bado Waingereza. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kikosi hicho waliasi. Serikali ikakivunja. Tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa jeshi jipya, na likaitwa Jeshi la Wananchi. Maana yake ni hii: askari si mtu wa mkoloni wala si bwana wa raia. Ni mtoto wa mkulima na mfugaji, na kazi yake ni kuwalinda wenzake.

Mkubwa wa wanajeshi wote ni Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi. Juu yake yupo Rais, ambaye kwa Katiba ndiye Amiri Jeshi Mkuu.

Ndani ya JWTZ mna wanajeshi wa namna mbalimbali:

Askari wa miguu ni yule wa nchi kavu anayepigana akiwa na bunduki yake.

Askari wa mizinga hupiga silaha kubwa. Wewe unayefuga nyuki, angalia neno hili. Mzinga ni ule gogo lililochimbwa ndani likawa tundu refu. Watu walipoona silaha kubwa yenye tundu refu wakaiita mzinga vilevile. Na kifaru? Kifaru ni mnyama mwenye ngozi ngumu asiyerudi nyuma kwa urahisi. Gari la vita la chuma likapewa jina lake.

Mwanamaji ni mwanajeshi wa majini. Usimchanganye na baharia. Baharia ni yeyote anayefanya kazi katika chombo cha majini, hata meli ya mizigo ya Ukerewe. Kila mwanamaji anafanya kazi za baharia, lakini si kila baharia ni mwanamaji.

Rubani ni mwendesha ndege. Zamani rubani alikuwa mtu wa majini, mwenye kuongoza chombo kipite penye kina kisigonge mwamba. Ndege zilipokuja, neno likapanda juu. Wenzetu wa Kenya humwita askari wa jeshi la anga mwanahewa.

Kuna pia mzamiaji, yaani mtu aliyefunzwa kwenda chini ya maji. Sisi wa Ziwani tunamjua kwa majonzi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na watu zaidi ya 200 wakafa. Wazamiaji wa jeshi walifanya kazi pale pamoja na vikosi vingine na wavuvi wa kisiwa chenyewe.

Je, mwanajeshi ana kazi ya kumkamata raia mwaloni au sokoni? Kwa kawaida hapana. Kazi yake ni kulinda mipaka ya nchi, na kusaidia mamlaka za kiraia zinapomhitaji, kwa mfano wakati wa mafuriko au ajali kubwa. Kazi ya kukamata wahalifu ni ya polisi.

KURUTA NA KIJANA WA JKT

Kuruta ni mtu aliyeingia jeshini na bado anafunzwa. Hajahitimu. Ni kama mwanakisomo wa hatua ya kwanza: yumo darasani, lakini bado anasoma herufi.

JKT ni Jeshi la Kujenga Taifa. Lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Vijana wake hufunzwa ulinzi, ukakamavu na kazi za mikono kama kilimo na ufundi. Wapo wanaojitolea wenyewe. Wapo pia wanaokwenda kwa mujibu wa sheria, yaani sheria ndiyo inayowaita. Hao ni wale waliomaliza kidato cha sita. Mpango huo wa sheria ulisimamishwa mwaka 1994, ukarudishwa mwaka 2013.

Wazazi, angalieni hapa. Kijana akimaliza mafunzo ya JKT si lazima awe mwanajeshi. Wengine huandikishwa katika JWTZ, polisi au magereza. Wengine hurudi nyumbani na maarifa waliyopata. Mtu akikuambia, "Nipe fedha, nitamwingiza mwanao jeshini," huyo ni tapeli. Nafasi za jeshi hutangazwa, na haziuzwi. Ukiombwa fedha, piga simu TAKUKURU namba 113. Haulipii kitu.

MGAMBO

Neno hili ni tamu kwa mtu anayependa lugha. Wahenga walisema, "La mgambo likilia kuna jambo." Katika methali hii mgambo si mtu. Ni wito. Pembe ilipigwa, wananchi wakajua kuna habari kubwa, wakakusanyika. Baadaye jina la wito likawa jina la wale wanaoitwa. Mgambo wa leo ni raia aliyefunzwa ulinzi, akarudi kulima au kuvua, akisubiri wito.

Sheria ya Mgambo ilitungwa mwaka 1973. Miaka mitano baadaye pembe ililia kweli. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera. Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa tarehe 2 Novemba 1978 kwamba tutampiga. Mgambo wengi kutoka vijijini walijiunga na wanajeshi. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka. Wapo waliorudi. Wapo wasiorudi, na baadhi yao wamelala katika makaburi ya mashujaa pale Kaboya, Muleba. Kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa wake.

Leo mgambo wengi tunawaona katika kazi za halmashauri, za kata na za mtaa. Sheria ya mwaka 1975 iliwapa mgambo walio kazini uwezo wa kukamata. Soma tena maneno hayo: walio kazini. Mgambo aliyevaa sare yake akaenda kudai deni la rafiki yake kilabuni hayuko kazini. Na mgambo akimkamata mtu, hana gereza lake wala mahakama yake. Anatakiwa amfikishe mtu huyo polisi.

SUNGUSUNGU

Kila mkulima anawajua sungusungu, wale siafu weusi. Mmoja hatishi. Lakini wakija wengi, hata ng'ombe atahama. Miaka ya mwanzo ya 1980 wezi wa mifugo walitusumbua sana Usukumani na Unyamwezini. Wananchi wakajiunga wenyewe, kwa filimbi na kwa pinde na mishale, wakawafuata wezi hao. Wakajiita sungusungu. Wengine huku Usukumani huwaita basalama.

Sungusungu si wanajeshi wala si polisi. Ni wanakijiji wanaojilinda. Mwanzoni hapakuwa na sheria ya kuwatambua, na katika sehemu nyingine waliwapiga watu, hata kuwaua kwa kuwashuku tu. Mwaka 1989 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria yaliyowatambua. Tangu hapo wana nafasi yao katika sheria, na wana mipaka yao. Wanaweza kumkamata mwizi na kumpeleka polisi. Hawaruhusiwi kumpiga, kumtesa wala kumhukumu. Mzee wa sungusungu si hakimu. Na bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni si mchawi, wala si kazi ya sungusungu kumgusa.

POLISI, MAGEREZA NA ZIMAMOTO

Hapa lugha yetu inaweza kumchanganya mtu. Tunasema Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Yote yanaitwa majeshi, lakini askari wake hatuwaiti wanajeshi. Tunawaita kwa kazi zao.

Askari polisi hulinda usalama wa raia na mali, hupeleleza makosa na hukamata. Anaweza kuwa na sare au asiwe nayo. Asiye na sare huitwa askari kanzu, kwa maana amevaa nguo kama watu wengine. Askari kanzu akija kwako, una haki ya kumwomba kitambulisho. Muombe kwa adabu, lakini muombe. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Askari magereza hulinda na kurekebisha wafungwa, kama wale wa Gereza la Butimba hapa Mwanza. Wazee humwita askari jela.

Askari wa zimamoto huzima moto na kuokoa watu. Namba yake ni 114. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walifariki, lakini wengine waliokolewa, na wavuvi walikuwa wa kwanza kufika. Kijana mvuvi mmoja alijitosa kusaidia mpaka akaumia. Baadaye Serikali iliagiza aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Basi si kila askari kazi yake ni bunduki.

ASKARI WA UHIFADHI, NA NENO "USU"

Sasa turudi Pasiansi. Hapa pana chuo kinachojulikana nchi nzima, Taasisi ya Mafunzo ya Uhifadhi Wanyamapori. Kilianzishwa mwaka 1966. Tangu hapo kimefunza askari wanyamapori, wale wanaolinda tembo, faru na simba wasimalizwe na majangili. Wahitimu wake utawakuta katika hifadhi na mapori ya akiba sehemu nyingi za nchi.

Mwanafunzi wa chuo hiki hufunzwa mambo mawili pamoja. Husoma habari za wanyama, mimea na sheria. Vilevile hupiga kwata, hukimbia mchakamchaka na hujifunza kutumia silaha. Je, huyu ni mwanajeshi? Jibu limo katika neno dogo: usu.

Usu maana yake ni kitu kilicho karibu na kingine lakini hakijakifikia. Utaliona katika vyeo. Aliye chini ya koplo ni koplo usu. Aliye chini ya luteni ni luteni usu. Basi jeshi usu ni chombo chenye nidhamu, sare, vyeo na silaha kama jeshi, lakini si jeshi la vita. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, watumishi wa uhifadhi wa wanyamapori na misitu waliwekwa katika utaratibu huo. Leo wanaitwa askari wa uhifadhi na maafisa uhifadhi, na wakubwa wao wanaitwa makamishna.

Uwezo wa askari wa uhifadhi unahusu wanyamapori, misitu na maeneo ya hifadhi. Ukiingiza ng'ombe hifadhini, atakukamata. Lakini hana kazi ya kuamua ugomvi wa mirathi kijijini kwako. Vijiji vingine vina askari wanyamapori wa kijiji. Hao huchaguliwa na kijiji na hufanya kazi chini ya kijiji.

MLINZI

Wa mwisho ni mlinzi wa duka, benki au ghala. Tunamwita askari kwa heshima, na si vibaya. Lakini yeye ni mfanyakazi wa kampuni au wa tajiri wake. Hana uwezo zaidi ya ule wa raia mwingine. Raia yeyote, pamoja na wewe, anaweza kumkamata mtu anayefanya kosa kubwa mbele yake, mradi amkabidhi polisi bila kuchelewa.

NENO LIKIKOSEWA, BARUA INAPOTEA

Pengine unasema moyoni, "Ya nini yote haya? Mimi ni mvuvi tu." Haya, tutoe mfano.

Tuseme mvuvi mmoja amenyang'anywa nyavu asubuhi na watu wanne. Mmoja alikuwa afisa uvuvi, mmoja polisi, na wawili walikuwa mgambo. Mvuvi anajua kuandika, kwa hiyo anaandika hivi:

"Wanajeshi wamekuja mwaloni wakachukua nyavu zangu. Naomba msaada."

Barua inafika ofisini. Ofisi inaona neno "wanajeshi", inaipeleka kwenye kambi ya jeshi. Kambi inajibu kwamba siku ile askari wake hawakutoka. Barua inarudi. Mwezi unapita. Mvuvi hana nyavu, watoto hawana ada, na ofisi zote zinasema kweli: hakuna mwanajeshi aliyechukua nyavu! Neno moja limemkosesha haki yake.

Sasa angalia barua ya pili:

"Mimi ni mvuvi wa mwalo huu. Tarehe 4, saa 12.30 asubuhi, walifika watu wanne. Mmoja alijitambulisha kuwa afisa uvuvi. Mmoja alikuwa askari polisi mwenye sare, cheo koplo. Wawili walikuwa mgambo. Walichukua nyavu zangu 6. Sikupewa stakabadhi. Waliokuwapo ni majirani zangu wawili, na wako tayari kueleza. Naomba kujua nyavu zangu ziko wapi na zilichukuliwa kwa kosa gani."

Unaona? Barua hii haipotei. Inajua mlango wa kubisha. Kama nyavu ni za haramu, sheria itafuata njia yake. Kama ni halali, mwenyewe ana pa kuanzia kuzidai. Tena jambo la stakabadhi si la kuomba hisani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamtaka ofisa anayechukua kitu katika upekuzi atoe hati ya kukiri kwamba amekichukua. Na anayekamatwa ana haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwake.

Basi malalamiko yapelekwe hivi:

Juu ya polisi: kwa Mkuu wa Kituo. Usiporidhika, kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya.
Juu ya mgambo: kwa Mtendaji wa Kata, au kwa Mshauri wa Mgambo wa Wilaya.
Juu ya sungusungu: kwa serikali ya kijiji. Kama mtu amepigwa, nenda polisi moja kwa moja.
Juu ya askari wa uhifadhi: kwa mkuu wa hifadhi au pori husika.
Juu ya mwanajeshi: kwa mkuu wa kikosi chake.
Juu ya mlinzi: kwa mwajiri wake. Kama ni kosa la jinai, polisi.

JIHADHARI NA SARE YA UONGO

Wapo watu wanaovaa vazi la mabaka ili watuogopeshe. Hupita usiku, husema "sisi ni wanajeshi", kisha huchukua mali. Sheria yetu inamkataza raia kuvaa sare za majeshi. Mwezi Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia wote waliokuwa nazo wazisalimishe. Kwa hiyo mwanao asivae jaketi la mabaka la mitumba akidhani ni mtindo. Anaweza kujiingiza matatani.

Wewe unayejua kusoma, usisome nguo tu. Soma na kitambulisho. Soma jina, soma namba, soma ofisi. Mtu aliyetumwa kwa halali haogopi kusomwa. Asiyetumwa ndiye atakayekufokea, "Unaniuliza mimi?" Usipigane naye. Kariri sura yake, andika saa na namba ya gari au ya pikipiki, kisha peleka habari polisi.

Wazazi wetu walipomwona askari wa mkoloni walikimbilia mashambani. Sisi hatukimbii, maana wengi wa askari hawa ni watoto wetu. Wanatulinda na tunawaheshimu. Na heshima inaanza kwa kumwita kila mtu kwa jina lake la haki.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Taja tofauti moja kati ya mwanamaji na baharia.
2. Neno "usu" lina maana gani? Toa mifano miwili.
3. Mgambo amemkamata mwizi wa kuku. Anatakiwa kufanya nini? Hatakiwi kufanya nini?
4. Katika kijiji chenu kuna watu gani wenye sare? Andikeni orodha, na mbele ya kila mmoja andikeni: ametumwa na nani?
5. Kuna mzee kijijini aliyekuwa mgambo au mwanajeshi katika vita ya 1978 na 1979? Mwalikeni awaeleze. Mmoja wenu aandike.

ZOEZI LA KUANDIKA

Andika barua fupi ya mistari kumi. Eleza jambo jema ambalo askari mmoja amelifanya kijijini kwenu. Usitumie neno "askari" peke yake. Taja ni askari gani, lini, wapi, na alifanya nini. Kisha mpe mwenzako aisome. Akielewa bila kukuuliza swali, umefaulu.